Gluteni: Kabla ya Kusoma Lebo, Fuata Nafaka

Mgonjwa wa seliaki anayeishi Mnazi Mmoja, Gerezani au Kariakoo hapa Dar es Salaam hupewa ushauri ule ule anaopewa mgonjwa wa London: soma lebo. Ushauri huo ni sahihi, lakini kwake unaishia njiani. Ulezi anaununua kwa kisado kutoka gunia lililo wazi. Mahindi yake yanasagwa kwenye mashine ya mtaa. Kitumbua cha asubuhi anakipokea kikiwa kimefungwa kwenye karatasi, na chipsi za jioni kwenye mfuko wa nailoni. Humo mwote hamna lebo ya kusoma, na bado humo ndimo mnamotoka sehemu kubwa ya chakula chake. Ninachotaka kusema katika makala hii ni kwamba mlaji wa mjini kwetu atalindwa kwanza na kuijua njia ya nafaka, kutoka kwenye gunia hadi kwenye sahani, kisha ndipo asaidiwe na maandishi ya kwenye pakiti. Habari njema ni kwamba njia hiyo ni fupi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu chakula chetu cha asili kwa sehemu kubwa hakina gluteni hata chembe.

Seliaki si mzio wa kawaida, wala si tumbo kukataa chakula fulani. Ni ugonjwa wa kinga ya mwili. Mtu aliyezaliwa na vinasaba vinavyouwezesha, hasa vile vinavyoitwa HLA-DQ2 na HLA-DQ8, akila gluteni, yaani protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, kinga yake inaweza kuugeukia utumbo mwembamba na kuushambulia. Vijidole vidogo vinavyofyonza chakula kwenye ukuta wa utumbo vinasinyaa mpaka ukuta unabaki bapa. Chakula kinaingia na kutoka bila mwili kupata haki yake. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kuharisha kwa miezi, tumbo likajaa gesi, uzito ukashuka. Na mwingine asiharishe hata siku moja, ila akawa na upungufu wa damu usiosikia vidonge vya madini ya chuma, mifupa dhaifu, mimba zinazoharibika, au mtoto ambaye mstari wake kwenye kadi ya kliniki umelala chini bila sababu inayoeleweka. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, alikuwa akiishuku ngano tangu miaka ya 1930. Katika majira ya njaa ya mwaka 1944 na 1945 mkate uliadimika nchini kwake, na watoto wagonjwa wakapata nafuu. Mkate uliporudi, ugonjwa ukarudi nao. Dawa haijapatikana mpaka leo. Tiba ni kuacha gluteni maisha yote.

Pingamizi la kwanza tunalisikia hata kwa baadhi ya watoa huduma: huo ni ugonjwa wa Wazungu. Ushahidi haukubali. Duniani kote unakadiriwa kumpata mtu mmoja katika kila mia, na kiwango kikubwa kuliko vyote kilichowahi kuripotiwa hakikutoka Ulaya, kimetoka Afrika: mwaka 1999 ilichapishwa taarifa kwamba zaidi ya 5% ya watoto wa Sahrawi waliopimwa walikuwa na ugonjwa huu. Unajulikana vizuri Afrika Kaskazini, Mashariki ya Kati na kaskazini mwa India. Sasa tazama watu wa katikati ya jiji hili. Kuna familia zenye asili ya Yemen na Oman, kuna zenye asili ya Gujarat na Punjab, na kuna ndoa za vizazi vingi kati yao na watu wa pwani na wa bara. Na hata yule asiye na damu ya ugenini hawezi kuhesabu rangi yake kuwa kinga. Ngano nayo si mgeni tena. Mashamba makubwa ya Hanang yalipanuliwa kwa msaada wa Kanada miaka ya 1970, na leo ngano nyingi tunayokula inaingia kwa meli, ikageuka chapati, maandazi na mkate wa kila asubuhi. Ugonjwa unaopimwa kwa nadra utaonekana nadra. Mtu anayeumwa tumbo mjini hapa anatibiwa amiba, akarudi akatibiwa taifodi, akarudi akaambiwa ana vidonda vya tumbo, na pengine kweli aliwahi kuwa na kimojawapo. Lakini akizunguka hivyo miaka miwili mitatu, ni haki yake kuuliza juu ya seliaki. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza aulize mapema zaidi, kwa kuwa magonjwa haya mawili hufuatana mara nyingi.

Hapa naomba msomaji atulie, kwa sababu kuna kosa moja linaloharibu kila kitu kinachofuata. Usiache ngano kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu kinatafuta kingamwili ziitwazo tTG-IgA, na hupimwa pamoja na kiasi cha IgA yote mwilini, kwa sababu wapo watu wenye upungufu wa IgA ambao jibu lao linaweza kudanganya. Jibu likionyesha dalili, daktari huingiza kamera kupitia mdomoni na kuchukua vipande vidogo vya ukuta wa utumbo vikaangaliwe kwa hadubini. Kazi ya kamera inafanyika hospitali ya Muhimbili, pale pale Upanga. Vipimo vyote viwili vinaona madhara ya gluteni. Ukishaacha ngano miezi kadhaa, madhara yanaanza kufutika na jibu linakuja safi wakati ugonjwa upo. Siku hizi wako wanaoacha ngano kwa kufuata mitindo ya kupunguza mwili, wakapata nafuu ya tumbo, kisha wasijue kama wana ugonjwa wa maisha au walikuwa wanakula maandazi mengi tu. Tofauti ni kubwa. Mmoja anaweza kurudia chapati sikukuu, mwingine hawezi.

Hawezi hata kidogo? Hili ndilo pingamizi la pili, na linatoka kwa watu wanaompenda mgonjwa: shangazi aliyepika, jirani aliyeleta sahani ya futari. Kidogo hakidhuru, watasema. Shirika la viwango vya chakula la kimataifa, Codex Alimentarius, lilipopitia upya kiwango chake mwaka 2008 liliweka mpaka wa miligramu 20 za gluteni katika kilo moja ya chakula kinachoitwa hakina gluteni. Umoja wa Ulaya, Marekani na India wanatumia mpaka huo huo. Tuulete jikoni. Unga wa ngano wa kawaida una gluteni takriban gramu 8 katika kila gramu 100. Maana yake ni kwamba robo gramu ya unga wa ngano, vumbi linalokaa kwenye ncha ya kijiko cha chai, ikichanganyika na kilo nzima ya sembe inaufikia mpaka ule. Utafiti uliochapishwa na Waitalia mwaka 2007 uliwapa wagonjwa miligramu 50 za gluteni kila siku kwa miezi mitatu, na kuta za matumbo yao zikaonyesha kuathirika. Miligramu 50 zinapatikana katika unga wa ngano usiofika hata gramu moja. Kwa hiyo mgonjwa anayekataa nusu andazi hadeki, na anayepika chapati na ugali kwa mwiko mmoja usiooshwa hajamtendea mgonjwa wema, hata kama nia yake ni safi.

Vipimo hivyo vidogo ndivyo vinavyotupeleka kwenye mashine ya kusaga, mahali ambapo naamini mgonjwa wa mjini anaumizwa zaidi bila kujua. Mahindi hayana gluteni. Mchele, ulezi, mtama, uwele, muhogo na dengu pia havina. Lakini mashine haijui nini kimepita kabla yako. Nafaka inamwagwa juu, inapigwa na nyundo za chuma, inapita kwenye chekeche, inapulizwa kwenye bomba, na unga unatoka kupitia mfuko mrefu wa kitambaa unaofungwa mdomoni mwa ndoo. Kila mahali hapo unga unabaki: kwenye pembe za chemba, kwenye matundu ya chekeche, na hasa kwenye kile kitambaa, ambacho watu hukipiga kwa mkono ili unga wao uliobaki udondoke. Tuseme mteja aliyekutangulia alisaga ngano na zikabaki gramu 50 tu, konzi ndogo. Debe lako la mahindi, kilo 18 hivi, likizikusanya zote, utakuwa na zaidi ya miligramu 200 za gluteni katika kila kilo, yaani zaidi ya mara kumi ya mpaka. Na ugali wako hautabadilika rangi wala ladha. Hata viwandani mambo haya hutokea. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walipima nafaka na unga wa aina 22 ambazo kwa asili hazina gluteni, na saba kati yake zilikutwa zimevuka mpaka.

Kutokana na hilo linakuja shauri ambalo ningemwomba kila mgonjwa alishike kabla ya mengine yote: nunua nafaka nzima, usinunue unga wa kupimiwa. Nafaka nzima inachunguzika. Punje ya ngano ndani ya ulezi ni kubwa na inabaki juu ya chekecheo. Ndani ya mchele inaonekana kwa rangi na ule mfereji wake mgongoni. Ndani ya mahindi inaanguka chini ukichekecha. Unga hauchunguziki kwa jicho la mtu yeyote. Unaponunua, tazama kopo la kupimia, kwa sababu mara nyingi kopo lile lile linatoka gunia la ngano kwenda gunia la ulezi, na muuzaji akiombwa kwa heshima apimie kwa chombo safi au afungue gunia jipya hana sababu ya kukataa. Chagua, osha, anika. Kisha tafuta pa kusagia. Pazuri kabisa ni mashine isiyosaga ngano kamwe, na zipo zinazofanya sembe peke yake au muhogo peke yake. Waulize, kisha ukae kidogo uone wanachosaga wengine. Ukikosa, nunua sembe iliyofungwa kutoka kiwanda kinachosaga mahindi tu. Kwa mchele na ulezi wa mtoto, mashine ndogo ya umeme ya nyumbani, au kinu na mchi, vinatosha kwa wiki nzima. Kupitisha kwanza kilo mbili za mahindi ili kusafisha mashine, kisha kumpa mtu mwingine unga huo, kunapunguza hatari, lakini hakuiondoi. Nisingemshauri mgonjwa aliyekwisha kupimwa aitegemee njia hiyo kila mwezi.

Linalonisumbua zaidi ni unga wa lishe. Unauzwa kila mahali kuanzia Kariakoo hadi maduka ya mitaani Ilala na Magomeni, na jina lake lenyewe linamtuliza mzazi. Mchanganyiko hutofautiana kwa kila mtengenezaji: mahindi, mchele, ulezi, mtama, soya, karanga, na mara nyingi sana ngano. Kwa mtoto wa kawaida hakuna tatizo. Kwa mtoto mwenye seliaki, mzunguko unaoanza hapo ni wa kuhuzunisha. Mtoto anakonda. Mama anashauriwa aongeze uji wenye lishe. Uji una ngano, utumbo unazidi kusinyaa, mtoto anazidi kukonda, na mama anaongeza kikombe kingine kwa mapenzi yote. Mama huyu hajakosea lolote. Hakuambiwa tu kilichomo. Tena nafaka nyingi kwenye uji mmoja hazina faida kubwa inayodhaniwa, kwa kuwa nafaka zinafanana kwa sehemu kubwa ya virutubisho vyake. Ulezi peke yake, wenye kalsiamu nyingi kuliko nafaka zetu zote tulizozizoea, ukitiwa maziwa au karanga nzuri zisizo na ukungu, na pembeni kukawa na yai, dagaa au maharage ya kupondwa, unamjenga mtoto vizuri bila ngano hata punje.

Hapo ndipo napokea pingamizi la watengenezaji wadogo, na ni pingamizi linalostahili jibu la heshima. Wengi wao ni kina mama wenye mtaji mdogo, waliopata mafunzo SIDO, shirika la kuendeleza viwanda vidogo, wanaopambana na bei ya vifungashio. Wanasema kanuni zikiongezwa zitawafunga. Ni kweli kwamba kupima gluteni maabara ni ghali, na sitetei kumlazimisha mjasiriamali wa kilo 100 kwa mwezi ajitangaze kuwa bidhaa yake haina gluteni. Asiandike hivyo kabisa kama hajapima. Ninachodai ni kidogo zaidi: aandike kilichomo. Kiwango cha jumla cha Codex kuhusu lebo za vyakula vilivyofungashwa kinataka nafaka zenye gluteni zitajwe wazi kila mara, na Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ndilo lililokabidhiwa usimamizi wa usalama wa chakula tangu mwaka 2019, kazi hiyo ilipotolewa kwenye iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA. Neno “ngano” lina herufi tano. Kuliandika kwenye lebo iliyokwisha kuchapwa hakumgharimu mtu shilingi. Na anayesaga kwenye mashine inayosaga ngano, aongeze mstari mmoja unaosema hivyo. Wateja wengine hawataujali; mzazi mmoja utamwokolea mtoto.

Chakula kilichopikwa nacho kina njia yake. Wali, pilau, ndizi, mihogo ya nazi, maharage, mchicha, ugali wa sembe safi, mishkaki ya chumvi na ndimu, vyote hivi kwa asili ni salama, na meza ya futari yenye magimbi, viazi vitamu na mihogo inampa mgonjwa chakula cha kushiba bila kujitenga na wenzake, mradi ayapite tambi, kalimati na sambusa. Shida iko kwenye vitu vinavyofanana na salama. Kitumbua ni cha mchele, lakini wako wanaotia unga wa ngano kidogo ili kishikane. Bagia ni ya kunde au dengu, na wengine huongeza ngano kwa sababu hiyo hiyo. Urojo unapata uzito wake kutokana na unga wa ngano uliokorogwa kwenye ule mchuzi wa manjano, kwa hiyo kuondoa bagia na kubakiza mchuzi hakusaidii. Samaki wa kukaanga mara nyingine hupakwa unga usishike karai. Soseji nyingi zimetiwa makombo ya ngano. Na karai lenyewe ni swali: chipsi ni viazi tu, lakini mafuta yaliyokaangia sambusa yamebeba gluteni, na moto hauiui. Watafiti wa Marekani walipima mwaka 2021 chipsi zilizokaangwa kwenye mafuta yaliyotumika pia kwa vyakula vya ngano, na robo ya sampuli zilivuka mpaka. Kwa mama lishe uliza maswali mawili tu, unatia unga gani, na mafuta haya yamekaanga nini. Akijibu kwa wasiwasi, chukua wali na maharage.

Lebo sasa. Kwenye bidhaa za nje zinazojaa maduka ya Mtaa wa Uhuru na Kisutu, tafuta maneno wheat, barley, rye na malt. Na kwenye za Kihindi, atta, maida na suji, ambazo zote ni ngano. Pakiti iliyoandikwa haina ngano bado inaweza kuwa na shayiri. Sheria ya Marekani ya mwaka 2004 kuhusu vyakula vya mzio inalazimisha kutaja ngano lakini si shayiri wala rai, hivyo kwa bidhaa za huko soma orodha nzima, usiridhike na mstari wa tahadhari. Bia za kawaida na vinywaji vya kimea cha shayiri viache. Togwa ya kimea cha ulezi ni halali yako. Sosi ya soya mara nyingi imetengenezwa na ngano. Hing ya unga, inayotiwa kwenye dengu na kachori, kwa kawaida huchanganywa na unga wa ngano, na wapishi wengi wanaoitumia miaka yote hawajawahi kuligeuza kopo wakasoma nyuma. Alama ya suke lililokatwa kwa mstari ndani ya duara ikiwa na namba ya leseni ni ya kuaminika, kwa kuwa hutolewa chini ya usimamizi wa vyama vya seliaki vya Ulaya.

Lakini usijione umekosa matunzo kwa sababu huwezi kumudu biskuti na mikate hiyo ya maduka ya kifahari. Mingi imejengwa kwa wanga wa mahindi na wa mchele pamoja na sukari na mafuta, haina nyuzinyuzi wala madini ya kutosha, na bei yake ya pakiti moja inanunua ulezi wa wiki. Kwa mgonjwa wa hapa, anasa hiyo ni ya safari na ya sherehe. Kwa Wakatoliki wanaouliza juu ya hostia: Kanisa haliruhusu isiyo na gluteni kabisa, ila limeruhusu yenye gluteni ndogo sana, au kupokea divai peke yake. Paroko akielezwa mapema anaweza kupanga.

Ukishaanza, rudi kwa daktari baada ya miezi sita, kisha kila mwaka, kipimo cha damu kirudiwe. Kikishuka, ni dalili njema kwamba njia yako ya nafaka ni safi. Kisiposhuka, usikimbilie kulaumu kipimo; rudi kwenye mashine, kwenye kopo la kupimia na kwenye karai, ukague kimoja kimoja. Na usipimwe peke yako. Katika kila watu 100 walio wazazi, watoto au ndugu wa tumbo moja wa wagonjwa wa seliaki, saba au wanane hivi hukutwa na ugonjwa huu, wengi wakiwa hawana dalili yoyote. Wapeleke wapimwe wakiwa bado wanakula ngano.